Absorb na adsorb: b ya boflo, d ya dari

Mjukuu wangu wa kidato cha tatu alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani wa majaribio kaikunja mara nne, kaificha chini kabisa ya begi. Niliipata nilipokuwa natoa kontena lake la chakula. Swali liliwataka waeleze jinsi mkaa unavyoondoa rangi kwenye maji, naye katika maelezo yake akaandika adsorb. Msahihishaji alizungushia herufi d duara jekundu, akaandika b juu yake, akamkata maksi mbili.

"Bibi, nilikosea spelingi," akaniambia, macho chini.

Hakukosea. Aliandika neno sahihi mahali pake, na kilichoniuma kuliko zile maksi ni kwamba alikwisha kuamini kuwa amekosea. Mimi nimefundisha kemia miaka 31. Sasa nimestaafu, nasomesha watoto wa mtaa jioni hapa barazani kwangu Ngamiani, mjini Tanga. Kosa hili la kuchanganya absorb na adsorb nimelikuta kwa wanafunzi, kwa walimu wenzangu, na kwa wauza machujio ya maji. Basi jioni ile tulitoa jikoni kila kilichofaa, tukakaa na maneno haya mawili mpaka yakaeleweka. Nakueleza tulivyofanya, nawe ufanye kwako. Hakuna kitu cha gharama ndani yake.

Anza na boflo

Absorb ni kuingiza ndani. Kinachochukuliwa kinavuka uso na kuenea katika mwili wa kile kinachokichukua. Adsorb ni kunasa juu ya uso. Kinachochukuliwa kinafika ukutani, kinaushika ukuta, kinabaki pale pale.

Kwa jambo la kwanza sisi watu wa pwani tuna vitenzi tele. Mkate hunywa chai. Wali hunywa tui. Mchanga hufyonza maji. Kitambaa husharabu. Vyote hivyo vinaangukia kwa absorb. Kwa jambo la pili hatuna neno moja tulilozoea kulitumia, kwa hiyo tunasema harufu imeshika, rangi imenata, kitu kimeganda. Darasani kwangu nilikuwa nikisema kufyonza kwa absorb na kunasa kwa adsorb, na humu nitabaki na hayo mawili.

Chukua kipande cha boflo la jana, maana la leo linasambaratika upesi. Kichovye kwenye chai ya rangi, hesabu mpaka tano, kitoe, ukikate katikati kwa kisu. Chai utaikuta ndani kabisa, kwenye nyama ya mkate. Kikamue, itatoka. Tena kipande chenyewe kimevimba. Umekwisha kupata vipimo viwili: kata utazame ndani, na angalia kama kitu kimevimba. Maharage uliyoloweka usiku yanafuzu vipimo vyote viwili. Pampasi ya mtoto pia. Pasua moja mpya, mimina maji, utaona punje nyeupe zikigeuka jeli na kujaa mkononi. Punje hizo ni za sodiamu poliakrileti, na kazi yake yote ni kufyonza na kuvimba.

Usitumie kanga mpya kwa jaribio hili. Mjukuu wangu aliichukua ya juu kabisa kwenye rundo akaitandaza juu ya maji yaliyomwagika, maji yakabaki yanateleza juu yake. Kanga ya dukani ina dondo, yaani wanga wa kukazia kitambaa. Mpaka ifuliwe mara mbili tatu ndipo inapoanza kunywa maji.

Kisha nenda Amboni, hata kwa mawazo

Hapa ndipo penye ugumu, na hapa sitaenda mbio.

Nilipomwambia kwamba mkaa hunasa rangi juu ya uso wake, mtoto aliniuliza swali ambalo wanafunzi wangu wazuri wote wamewahi kuniuliza. "Lakini Bibi, mkaa una matundu. Rangi si inaingia matunduni? Basi imeingia ndani. Kwa nini tusiseme absorb?"

Nikamuuliza, "Ulipokwenda Amboni na darasa lenu, popo mliwaona wapi?"

Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane kaskazini mwa mji, njia ya kwenda Horohoro. Aliyewahi kuingia anajua: unapita katika vijia vyembamba, unainama, unatokea ukumbini, ukimulika tochi juu unawaona popo wameshika dari. Umo ndani ya kilima, na popo nao wamo ndani ya kilima. Lakini hakuna popo hata mmoja aliyemo ndani ya jiwe. Ukichukua nyundo ukavunja kipande cha ukuta, katikati ya jiwe utakuta jiwe tupu. Popo wote wako juu ya uso wa jiwe, ila uso huo umejikunja na kuingia kilimani.

Mkaa ni kilima cha Amboni kilichopunguzwa mpaka kikaenea kiganjani. Matundu yake ni mapango, na kuta za matundu hayo ni uso, sawasawa na ngozi ya nje unayoigusa kwa kidole. Molekuli ya rangi inasafiri vijiani mpaka inakuta ukuta, inaning'inia. Ndani ya kaboni yenyewe haiingii. Ndiyo maana neno ni adsorb hata pale kitu kinapoonekana "kimeingia".

Kwenye boflo mambo ni tofauti. Chai haikuning'inia kwenye kuta peke yake. Imejaza vitundu vya mkate, na ule wanga wenyewe umelowa, umelainika, umevimba. Ni kama vile mvua ingelainisha jiwe la Amboni likawa tope.

Sasa fikiria uso huo wa mapango ni mkubwa kiasi gani. Mkaa ulioamilishwa, yaani uliopitishwa mvuke kwenye joto la nyuzi kama 800 hadi 1000 za Selsiasi ili matundu yake yazidi, huwa na uso wa mita za mraba 1000 hivi katika gramu moja. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7140. Kwa hiyo gramu saba za mkaa huo, kiasi cha kijiko kikubwa hivi, zikikunjuliwa zinakaribia kuufunika uwanja kama wa Mkwakwani. Mjukuu wangu ni mshabiki wa mpira, hesabu hii aliirudia mara mbili kwa kalamu yake mwenyewe. Mkaa mwingi wa machujio ya maji hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na sisi Tanga tunavitupa au tunavichomea samaki.

Jaribio la mkaa wa vifuu

Choma vifuu mpaka viwe mkaa, vifunike vikose hewa visigeuke majivu, viache vipoe. Vitwange kwenye kinu kisha chekecha. Osha unga huo kwa maji mara tatu nne, uanike.

Tia maji kwenye chupa mbili za kioo, kila moja na matone mawili ya rangi ya chakula. Maji yawe na rangi hafifu, usiyakoleze. Chupa moja iache kama ilivyo. Ya pili tia vijiko vitatu vikubwa vya unga wa mkaa, tikisa, ilaze mpaka asubuhi. Asubuhi chuja kwa pamba safi uliyoishindilia kwenye shingo ya chupa ya plastiki iliyokatwa. Maji ya kwanza yatatoka na vumbi jeusi, yarudishe upya kwenye pamba.

Weka chupa mbili dirishani uzilinganishe. Mkaa wa nyumbani haukuamilishwa, kwa hiyo usitegemee maji kuwa meupe pe. Utaona rangi imepungua, na hilo linatosha. Kama una subira, fanya chupa ya tatu yenye uzito ule ule wa mkaa lakini wa vipande vizima visivyotwangwa. Unga utakuwa umenasa rangi zaidi. Ukitwanga unafungua milango ya mapango ambayo rangi ilikuwa haijaifikia, na panapoongezeka uso wa kufikika, mnaso unaongezeka.

Maji hayo usinywe. Mkaa unanasa rangi na harufu, lakini haukuhakikishii kuwa vijidudu vya maradhi vimekwisha. Maji ya kunywa yachemshwe. Na aliye na kichujio cha mkaa nyumbani ajue kwamba kuta za mapango zina mwisho: popo wakishajaa, wageni hawana pa kushika, na mkaa lazima ubadilishwe hata kama kwa macho unaonekana mzima.

Maneno mawili ndani ya chaki moja

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni hili, na lilinisaidia miaka mingi katika madarasa yasiyokuwa na maabara.

Chukua chaki. Sentimita mbili kutoka chini, izungushie nukta za kalamu ya marka nyeusi, ile ambayo wino wake unafutika kwa maji. Bolpeni ya kawaida haifai, wino wake hauyeyuki majini. Simamisha chaki kwenye kisosi chenye maji ya kina cha sentimita moja, nukta zibaki juu ya maji. Kaa kando, tazama.

Maji yanapanda yenyewe. Chaki inafyonza: absorb. Maji yakipita kwenye nukta yanauchukua wino, na hapo weusi unaanza kuachana. Utaona pengine buluu ikitangulia, nyekundu ikifuata, nyingine ikibaki nyuma, kutegemea marka uliyonunua. Rangi zinaachana kwa sababu hazishiki kuta za chaki kwa nguvu sawa. Inayoshika kwa nguvu inachelewa, inayoshika kwa ulegevu inasombwa na maji. Hiyo ni adsorb. Chaki ile ile, dakika zile zile, maji yanafyonzwa na rangi zinanaswa.

Mikhail Tswett, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alitenganisha rangi za majani kwa njia ya namna hii mwanzoni mwa karne ya 20, akitumia bomba la kioo lililoshindiliwa unga wa chaki, na mwaka 1906 akaipa njia hiyo jina la kromatografia. Mjukuu wangu alipoambiwa hivyo aliinyanyua ile chaki akaitazama upya. Nilifurahi sana.

Namna ya kukumbuka

Boflo lina b, na absorb ina b mbele ya s. Kinachoingia kwenye boflo kinafyonzwa. Dari ina d, na adsorb ina d. Kinachoshika dari kimenaswa.

Kwa anayetaka asili: maneno yote mawili yana kitenzi cha Kilatini sorbere, kunywa kwa kufyonza. Ab ni kutoka, ad ni kuelekea au kwenye. Absorb ni neno la zamani. Adsorption ni neno la maabara, lilianza kutumika mwaka 1881 kwa mwanafizikia wa Kijerumani Heinrich Kayser, alipokuwa akipima gesi zinavyoshika nyuso za vitu, na aliyempendekezea neno hilo ni mwanafiziolojia Emil du Bois-Reymond. Nalitaja hili ili ujue kwamba ile d iliwekwa kwa makusudi na watu waliohitaji kutenganisha mambo mawili. Anayeifuta anawarudisha walipokuwa kabla ya 1881.

Katika sentensi ya Kiingereza, tazama neno dogo linalofuata. Kitu kinakuwa absorbed into kitu kingine, lakini kinakuwa adsorbed onto. Ukiona mkono wako unaandika onto baada ya absorbed, simama, kuna moja umekosea. Nomino zake hugeuza b ya mwisho kuwa p: absorption, adsorption. Kifyonzaji ni absorbent, kinasaji ni adsorbent, na vyote viwili huishia ent. Ukikuta absorbant, hiyo ni tahajia ya Kifaransa.

Panapowapoteza wengi

Vile vipakiti vya punje unavyovikuta ndani ya sanduku la viatu ni silika jeli. Wengi huandika kwamba vina-absorb unyevu, na kwa mazungumzo ya kawaida hakuna atakayekushika shati. Lakini tumia kipimo cha kuvimba: punje ya silika ikijaa unyevu haivimbi. Maji yameshika kuta za matundu yake. Ukiiweka kwenye joto la nyuzi 120 hivi kwa saa chache, maji yanaachia, punje inarudi kazini. Neno lake ni adsorb. Sasa linganisha na punje za mchele ambazo mama zetu hutia kwenye kichupa cha chumvi msimu wa mvua. Kazi ni ile ile, kukausha, lakini mchele unaingiza unyevu ndani ya wanga wake. Neno lake ni absorb. Mimi nikitaka kumpima mwanafunzi kama ameelewa, namwekea mchele na silika mezani namwambia achague neno.

Bakuli la mkaa kwenye friji lenye harufu ya ng'onda: adsorb. Gesi iliyomo ndani ya soda, iliyoyeyuka kwenye maji yote: absorb, ingawa hapa hakuna uvimbe wa kuuona, kwa hiyo kipimo hicho usikitumie peke yake. Mwanga, joto, sauti, habari, masomo, hasara: siku zote absorb. Adsorb haitoki nje ya sayansi hata siku moja.

Kanga iliyofukizwa udi ilinipa taabu, nami nilimwambia mtoto ukweli. Moshi mwingine umenasa juu ya nyuzi, mwingine umepenya ndani ya nyuzi, na kwa macho huwezi kugawa. Kwa hali kama hizo lipo neno la tatu, sorption, lililotolewa na mwanakemia James William McBain mwaka 1909, na kitenzi chake ni sorb. Halisemi kama ni ndani au juu. Litumie pale tu ambapo mambo yote mawili yanatokea au hayatenganishiki, usilifanye kichaka cha kujificha.

Sentensi ninayotaka kila mtoto wangu wa tuisheni aijue kwa moyo inahusu hospitali. Mtu aliyekula aina fulani za sumu anaweza kunyweshwa mkaa ulioamilishwa, na Kiingereza chake ni hiki: "The charcoal adsorbs the poison before the gut can absorb it." Mkaa unanasa sumu kabla utumbo haujaifyonza. Badilisha d ile iwe b, na sentensi nzima inapoteza maana yake, kwa sababu uhai wa mgonjwa unategemea sumu ibaki imeshika mkaa, itoke nao, isiingie mwilini. Mkaa huo hutolewa na wahudumu wa afya kwa kipimo. Hausaidii kwa mafuta ya taa, wala kwa pombe, wala kwa tindikali. Mkaa wa jikoni usimlishe mtoto aliyekunywa kitu, mkimbize hospitali.

Ukishaandika

Kabla hujakabidhi kazi, jiulize kwa kila sentensi: kimeingia mwilini mwa kitu, au kimeshika kuta zake? Kisha hakikisha herufi. Unayeandika kwa simu, ujue simu yangu mimi hubadilisha adsorb kuwa absorb bila kuniuliza, na huenda yako nayo. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, ongeza adsorb, adsorbed, adsorption na adsorbent kwenye kamusi yako binafsi, kila moja peke yake. Mwanafunzi aliyekatwa maksi kwa d iliyo sahihi aende kwa mwalimu wake kwa adabu, wakati wa mapumziko, asiende mbele ya darasa, amwombe waangalie kamusi pamoja. Mjukuu wangu nilimpa chaki moja, marka na kisosi, akaenda navyo.